Gari-nyumba likiharibika njiani Uganda: la kwanza, la pili na la tatu

Gari-nyumba si gari dogo lililowekewa kitanda. Chukua Haiace iliyofanyiwa kazi na mafundi wa Katwe: kabati za mbao, tangi la maji la lita 80, betri ya pili, friji, mtungi wa gesi, hema juu ya paa. Hapo linakaribia tani 3 na abiria bado hawajapanda. Lililojengwa juu ya Coaster au Fuso linapita tani 5. Uzito huo ndio unaopasua matairi, unaochemsha breki na kuzamisha jeki ardhini. Halafu ndani mna gesi, petroli au dizeli, na mifumo miwili ya umeme, vyote ndani ya mbao na sponji zinazoshika moto haraka.

Una nafuu moja ambayo dereva wa gari dogo hana. Kitanda unacho, maji unayo, chakula unacho. Hakuna kinachokulazimisha ulisukume gari bovu lifike Mbarara usiku huu. Hasara kubwa huja baada ya hitilafu ya kwanza, pale watu wanaposema "twende hivyo hivyo, tutafika".

Dakika kumi za kwanza

1. Litoe gari barabarani. Rimu ikiharibika inanunuliwa nyingine, kwa hiyo hata ukiwa na pancha tembea polepole hata mita 200 hadi mahali ambapo wanaokuja nyuma wanakuona kutoka mbali. Usisimame kwenye kona, wala darajani, wala mara tu baada ya kilele cha mlima. Pale Lwera, barabara ya Kampala–Masaka, kuna maji na matope pande zote mbili na malori hayapunguzi mwendo. Jikongoje mpaka penye vibanda vya wauza samaki, au Lukaya kabisa kama gari linakubali.

2. Washa taa za hazadi, vuta handbreki, weka gia ya kwanza. Weka kabari za mbao au mawe makubwa nyuma na mbele ya gurudumu. Kama breki zimepata moto sana, handbreki iache. Sababu iko hapo chini.

3. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Zima inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) na friji.

4. Shusha watu kwa mlango wa kushoto, upande usiopitwa na magari, wakae mbali na lami. Mtu asisimame nyuma ya gari wala kati ya magari mawili. Ndipo wengi hugongwa, hasa jioni.

5. Weka pembetatu ya kuakisi ya kwanza mita 50 nyuma, ya pili mita 100. Kama nyuma yako kuna kona, peleka ya pili ng'ambo ya kona. Matawi ya miti yanaeleweka na kila dereva wa Uganda, basi yaongeze, ila hayaakisi mwanga usiku. Ukiondoka yaondoe yote. Tawi lililoachwa njiani humwangusha mtu wa boda boda.

6. Sasa piga simu. Polisi ni 999 au 112. Beba laini ya MTN na ya Airtel pia, kwa sababu kuna mabonde ambako moja inashika na nyingine haishiki.

Sema mambo kwa mpangilio ambao anayesikiliza anaweza kuyaandika: "Afande, gari letu limezimika barabara ya Masaka–Mbarara, kilomita tano baada ya Lyantonde tukielekea Mbarara, upande wa kushoto. Tuko watu wanne, hakuna aliyeumia. Gari lina tani tatu na nusu na urefu wa kwenda juu mita tatu." Uzito na kimo usivisahau. Brekidauni (gari la kuvuta) ikija ndogo kuliko gari lako, umepoteza saa nne na pesa ya safari yake. Namba hizo mbili ziandike kwa kalamu kwenye kivuli cha jua mbele ya dereva.

Tairi

Tairi likipasuka kwa kasi, mkono hushtuka na mguu hukimbilia breki. Zuia huo mguu. Shika usukani kwa mikono miwili, toa mafuta taratibu, liache gari lipungue lenyewe, kisha gusa breki kidogo ukiwa chini ya kilomita 40 kwa saa. Gari refu lenye hema na mizigo juu likikanyagwa breki ghafla wakati tairi moja limepasuka hupinduka.

Magari yenye matairi pacha nyuma yana hatari yake. La ndani linaweza kuisha upepo na dereva asijue, kwa sababu la nje linabeba mzigo wote. Linaendelea kusuguana na mwenzake, mpira unapata joto, na linaweza kushika moto kilomita nyingi baadaye. Kwa hiyo kila mnaposimama chukua kipande cha bomba au spana ya gurudumu ugonge kila tairi. Lenye upepo hurudisha spana mkononi kwa mlio mkali. Lisilo na upepo hutoa sauti ya gunia la mahindi, na spana haidundi.

Kubadilisha tairi la gari zito:

Simama pagumu na tambarare. Legeza nati nusu mzunguko wakati gurudumu bado liko chini. Chini ya jeki weka ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4 au 5, maana kwenye udongo mwekundu baada ya mvua jeki huzama badala ya gari kupanda. Jeki ya chupa iwe ya tani 5 au 6 kwa gari la tani 3. Ile iliyokuja na Haiace ilitengenezwa kwa Haiace tupu. Iweke chini ya eksele au pale kitabu cha gari kinapoelekeza, kamwe si chini ya sakafu ya nyumba. Mtu asiingize kichwa wala mguu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Lile tairi bovu lilaze chini ya chesisi kama akiba. Na watoto wasibaki ndani wakirukaruka kitandani. Nati zikaze kwa mtindo wa nyota, kuvuka upande hadi upande.

Umri wa tairi unausoma ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari-nyumba hukaa limeegeshwa miezi mingi, kwa hiyo kashata (michoro ya tairi inayokanyaga barabara) huonekana mpya huku mpira wenyewe umeshakauka. Likizidi miaka 6 au 7 likague kila safari, na ukiona nyufa ubavuni litoe. Tairi lililotumika la "Haiace" unalouziwa barabarani kwa bei nafuu lisome namba hizo kabla hujalipa.

Breki kwenye mteremko

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo dharura inayoua na ndiyo inayoepukika zaidi. Miteremko ya kuogopwa inajulikana: Kabale–Kisoro, kushuka Kichwamba kuelekea Kasese, Fort Portal–Bundibugyo, na kushuka kutoka Kapchorwa kwenda Mbale.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 155 hivi. Ukikanyaga breki mfululizo kwa tani 3, joto hilo linafikiwa. Mafuta yanachemka, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unazama mpaka chini na gari haliitikii. Badilisha mafuta hayo kila miaka 2 hata kama yanaonekana safi.

Kabla ya kuanza kushuka, shusha gia. Kanuni ya madereva wa malori ni nzuri: shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo huo, au moja chini yake. Kanyaga breki kwa nguvu sekunde chache, achia, acha zipoe, rudia. Usizishike kidogo kidogo njia nzima.

Ukisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, au pedali inaanza kulegea, simama mara moja mahali pa kwanza palipo salama. Weka gia, weka kabari, na usivute handbreki: ngoma zenye moto zikibanwa huweza kupinda au kugandana na viatu vya breki. Usizimwagie maji, zitapasuka. Subiri dakika 45. Rimu ikiguswa kwa mgongo wa kiganja na mkono ukavumilia, kanyaga pedali mara kadhaa. Ikiwa ngumu na juu, endelea kwa gia ya chini. Ikiwa bado laini, safari imeishia hapo hadi fundi aje.

Zikikosekana kabisa ukiwa unashuka: pampu pedali haraka haraka, shusha gia moja moja bila kuruka, vuta handbreki kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake ili isikwame, piga honi mfululizo. Gia ikigoma kuingia using'ang'anie na kubaki katika nyutro. Zikishindikana zote, sugua ubavu wa gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Bati litaharibika, watu watabaki.

Injini kuchemka

Mshale wa joto ukipanda, zima eya kondishena na ufungue hita hadi mwisho, ingawa ndani mtaungua. Hita ni radieta ndogo ya pili. Simama, usifungue kifuniko cha radieta. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, acha injini iungurume polepole dakika mbili ndipo uzime. Kama maji yanatoka, zima papo hapo.

Ngoja dakika 40. Mfumo huo hufanya kazi ukiwa umebanwa kwa shinikizo, na ndiyo maana maji yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanageuka mvuke usoni pako. Kule Kigezi, eneo la Kabale, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93, kwa hiyo kifuniko chenye mpira uliochoka huleta shida huko hata kama Kampala kilikuwa sawa. Funika kwa kitambaa kinene, fungua robo mzunguko, subiri kelele iishe, ndipo utoe.

Maji ya tangi la gari-nyumba yatumie bila wasiwasi, lita moja moja, injini ikiunguruma. Baridi nyingi kwa mara moja hupasua kichwa cha silinda. Kisha tafuta yanakotokea: mpira wa radieta uliochanika, klipu iliyolegea, mkanda wa feni uliokatika. Mpira uliochanika mwishoni kateni kipande kibovu na kuurudisha. Uliochanika katikati ufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa vizuri, kisha uache kifuniko nusu wazi ili shinikizo lisiupasue tena. Hivyo unafika mji wa karibu kwa kilomita 40 kwa saa, si zaidi.

Gesi, moto na hewa yenye sumu

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kutoka dirishani. Inatuama sakafuni kama maji. Ndiyo sababu kabati la mtungi linatakiwa liwe na tundu la chini linalotoka nje, na tundu hilo lisizibwe na zulia wala viatu. Mtungi usimame wima na ufungwe mkanda, kwa sababu mashimo ya barabara huulegeza ulipofungwa na regyuleta.

Ukisikia harufu yake: usiwashe taa, na usiizime pia, kwa kuwa swichi hutoa cheche pande zote mbili. Toa watu, acha milango wazi, funga mtungi kama unafikika, sogea mita 30 upande upepo unakotoka, na simu upige ukiwa huko. Harufu ikiisha, tengeneza povu la sabuni na maji kikombe kimoja, paka kwenye regyuleta, mpira na maungio kisha ufungue mtungi kidogo. Panapovuja, mapovu madogo huchomoza na kukua kama mate ya mtoto. Usitafute kwa kiberiti. Mpira wa gesi usizidi miaka 5.

Moto ukianza, watu kwanza. Jueni mapema ni nani anatoa mtoto na kwa mlango upi. Dirisha la nyuma lazima lifunguke kutoka ndani. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu wa kilo 2 ukae mlangoni, si uvunguni mwa kitanda, na mwingine wa kilo 1 karibu na dereva. Barabara za maramu, zisizo na lami, husindilia unga chini, hivyo kila mwezi ugeuze juu chini na kuutikisa. Moto wa injini: usifungue boneti yote, inua kidogo tu upulize unga kwenye mwanya. Mtungi ukiisha na moto upo, ondokeni.

Mafuta yakimwagika baada ya ajali, fukuza kila mtu, pamoja na wanaokuja na madumu. Kigoogwa, barabara ya Bombo, Oktoba 2024, watu walioteketea walikuwa karibu na lori la mafuta lililopinduka.

Halafu baridi. Usiku wa Kabale huwafanya watu waingize sigiri (jiko la mkaa) ndani. Usifanye hivyo hata mkaa ukionekana umeshakuwa majivu. Hewa yake haina harufu: kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, kisha mtu haamki. Aliyepatwa mtoeni nje mara moja na kumpeleka hospitali hata kama amezinduka.

Umeme

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa saa kadhaa, husoma volti 12.6, 12.2 ni nusu. Chini ya 12 haitawasha. Injini ikiwaka isome 13.8 hadi 14.4, la sivyo altaneta haichaji. Betri ya nyumba inaweza kukuokoa: waya mwekundu chanya kwa chanya, mweusi hasi kwa hasi, na ncha ya mwisho ishike chuma cha injini mbali na betri. Kama ya nyumba ni ya lithiamu, usiitumie moja kwa moja kuwashia. Kinga yake ya ndani inaweza kujikata. Fuso na Coaster nyingi ni za volti 24, yaani betri mbili zimeungwa. Usikubali kubustiwa nazo kama lako ni la 12. Fyuzi iliyoungua ibadilishe kwa ya ampea zile zile, si kwa waya wala karatasi ya sigara.

Kukwama na kuvutwa

Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huifanya maramu kuwa sabuni. Udongo mweusi wa Karamoja na Kidepo ni mbaya zaidi, unashika tairi kama ugali. Mwaka 2023, mwezi wa Mei, maji yalikata barabara kuu ya Masaka pale Katonga na magari yakazungushwa kupitia Sembabule. Gari-nyumba lisijaribu njia ya mkato ambayo boda boda imepita.

Ukishakwama acha kukanyaga mafuta. Chimba mbele ya magurudumu, punguza upepo theluthi moja, weka mbao au mawe, mwaga maji ya tangi kama ni mengi (lita 80 ni kilo 80). Kamba ya kuvutia ihimili mara mbili au tatu ya uzito wa gari, ifungwe kwenye chesisi kwa pingu ya chuma yenye pini. Usiifunge kwenye bampa wala tufe la chuma la kuvutia trela. Weka gunia au koti zito katikati ya kamba. Ikikatika, litaishusha chini. Watu wote wakae mbali kupita urefu wa kamba mara moja na nusu. Ukitoka, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo.

Ukivutwa injini ikiwa imezimwa, usukani unakuwa mzito na breki hazina msaada, basi ufunguo ubaki mahali pa kuwasha na mwendo usipite 30. Gari la otomatiki lisivutwe magurudumu yake yanayoendesha yakiwa chini. Libebwe mgongoni, na mtu ahakikishe kimo chake na nyaya za umeme.

Usiku na mbugani

Jioni ikikukuta, lala kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi au karibu na kituo cha polisi, kwa ruhusa. Salamu yenye adabu ya Kiganda, "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (mama), inafungua milango ambayo pesa haifungui. Ndani ya hifadhi, gari likizima usishuke kuangalia injini. Pigia lango ulikoingilia, na namba yao uichukue siku ya kuingia. Kama hakuna mtandao, kaa ndani, piga honi fupi tatu kila baada ya muda, gari la askari wa wanyamapori au la watalii litapita.

Spea ikitafutwa

Kampala, spea nyingi za magari zinatoka soko la Kisekka na maduka ya Ndeeba. Fundi wa huko anaweza kukutumia kwa basi na ukaipokea siku hiyo au kesho yake. Mtumie picha ya sehemu mbovu pamoja na namba iliyochongwa juu yake, na picha ya bati la chesisi. Pesa itumwe kwa simu baada ya kupata picha ya spea yenyewe na namba yake, na namba ya basi pamoja na simu ya kondakta. Ukipokea, fungua boksi mbele ya kondakta ulinganishe na ile ya zamani.

Gari likishawaka, kama mliondoa gurudumu, simameni baada ya kilomita 50 mkaze nati tena.